Mvua imepita, hofu imebaki: nini hasa husababisha ugonjwa wa wasiwasi?

Masika yakianza, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Wiki chache kabla, watu wanauliza bei ya mpunga na umeme utarudi saa ngapi. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, maswali yanakuwa mengine. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini akisikia mvua juu ya bati moyo unamwenda mbio, ilhali nyumba yake iko kwenye mwinuko na maji hayajawahi kuifikia. Kijana wa bodaboda aliuliza kama presha inaweza kumpata mtu ambaye hajafika hata miaka 30. Mwingine aliandika kwamba hapati usingizi, amepima malaria mara nne, na kila mara majibu yanasema hana kitu.

Watu hawa watatu hawajuani, lakini huenda wanasumbuliwa na jambo moja. Wataalamu wa afya ya akili huliita ugonjwa wa wasiwasi. Hapa kwetu Michenga, na bonde zima la Kilombero, tunaliita kwa majina mengi: mawazo, presha, moyo kudunda, na wengine husema tu "sijisikii vizuri". Kwa kuwa halina jina moja, watu wengi hawajui kama ni ugonjwa, na wasiojua hivyo hawaulizi tiba yake.

Katika makala haya tunajibu swali ambalo wasikilizaji wengi wanauliza kwa namna tofauti: unatoka wapi? Je, ni mafuriko? Ni madeni? Ni damu ya ukoo? Ni jini? Jibu fupi ni kwamba chanzo si kimoja, na kilichouwasha mara nyingi si hicho kinachoufanya uendelee kuwaka. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha pa kuushika.

Hofu si ugonjwa

Tuanze hapa ili tusije tukawafanya watu wote kuwa wagonjwa. Anayevua katika mto Kilombero lazima amwogope mamba. Anayelala dunguni akilinda mpunga lazima ategee sikio viboko. Mzazi ambaye mtoto wake ana homa kali usiku lazima ahangaike. Hofu ya namna hii ni mlinzi. Asingekuwapo mlinzi huyu, wazee wetu wasingeweza kuishi katika bonde lenye maji, wanyama na mbu kiasi hiki.

Inageuka kuwa ugonjwa pale mambo matatu yanapokutana. La kwanza ni ukubwa wake: hofu inazidi sana hatari yenyewe, au inakuja wakati hakuna hatari kabisa. La pili ni muda: haiishi baada ya siku chache, inakaa kwa miezi. Kwa wasiwasi wa jumla, yaani ule wa kuwaza kila jambo kila siku, wataalamu wengi hutumia kipimo cha miezi 6. La tatu ni madhara: mtu anashindwa kulala, kula, kulima, kusoma, kwenda kanisani au msikitini, au kupanda chombo cha usafiri.

Ugonjwa wenyewe una sura kadhaa. Kuna huo wasiwasi wa jumla. Kuna shambulio la hofu la ghafla, ambapo kwa dakika chache moyo unapiga kwa nguvu, pumzi inakata, mwili unatetemeka na mtu anaamini anakufa. Kuna hofu ya kitu maalumu, kama maji au kimo. Na kuna hofu ya kuwa mbele za watu. Hofu inayobaki baada ya tukio la kutisha, yenye ndoto mbaya na picha zinazojirudia, siku hizi imewekwa katika kundi lake la peke yake, lakini ni jirani wa karibu na mara nyingi hizi mbili hukaa kwa mtu mmoja.

Si tatizo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa wasiwasi. Hakuna kundi jingine la magonjwa ya akili lenye watu wengi kuliko hilo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Na kati ya kila watu wanne wenye kuhitaji tiba, ni mmoja hivi tu anayeipata.

Mwilini kunatokea nini?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala. Kazi yake ni kama ya yule anayepiga filimbi kijijini akiona moto. Haisubiri kikao. Ikihisi hatari, inaamsha mwili mara moja: homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unaongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli, pumzi inakuwa ya haraka, na tumbo linasimamisha kazi kwa sababu huu si wakati wa kumeng'enya ugali. Hatari ikikaa muda mrefu, homoni nyingine iitwayo kortisoli inaendelea kuuweka mwili macho.

Ndiyo maana dalili za wasiwasi ni za mwili kabisa. Moyo unadunda kweli. Tumbo linauma kweli. Ukipumua haraka kupita kiasi, hewa ya kabonidioksidi hupungua katika damu, na vidole na midomo huanza kufa ganzi. Mtu akiambiwa "ni mawazo yako tu", anaona anaitwa mwongo, na ana haki ya kuona hivyo. Chanzo kinaweza kuwa hofu, lakini maumivu anayapata yeye mwilini mwake.

Kwa mwenye ugonjwa, filimbi hiyo inapigwa hata pasipo moto, au moto umezimwa zamani na filimbi bado inalia. Swali ni nini kimeifanya iwe hivyo. Tutumie mfano wa jikoni. Ili moto uwake na uendelee unahitaji kuni, kiberiti, na mtu wa kuupepea. Ugonjwa wa wasiwasi nao una vitu hivyo vitatu.

Kuni: unachokuja nacho

Baadhi ya watu huzaliwa na mwili unaoshtuka upesi. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba urithi unachangia kati ya asilimia 30 na 40 hivi ya tofauti zilizopo kati ya watu katika magonjwa haya. Hakuna jini moja, kwa maana ya kile chembe cha urithi, linaloleta wasiwasi. Ni mengi, na kila moja lina mchango mdogo. Kwa hiyo mtu akisema "kwetu ni ukoo wa wenye moyo mwepesi", huenda hakosei, lakini kurithi si hukumu. Sehemu kubwa zaidi inabaki kwenye maisha.

Na maisha huanza utotoni. Mtoto aliyepigwa sana, aliyeona mama yake akipigwa, aliyepoteza mzazi, aliyelala njaa bila kujua kesho itakuwaje, au aliyedhalilishwa kingono, mwili wake hujifunza mapema kwamba dunia si salama. Magonjwa haya mengi huanza kabla mtu hajawa mtu mzima.

Hapa kwetu lipo jambo la kulitazama. Msimu wa mpunga, familia nyingi huhamia mashambani, wakati mwingine ng'ambo ya mto, kwa wiki au miezi. Watoto wa shule hubaki mjini na bibi, au na dada mkubwa ambaye naye ni mtoto. Sisemi kwamba utaratibu huu unaleta ugonjwa, maana wengi wetu tumekua hivyo na tuko salama. Ila mtoto anayebaki anahitaji kujua mambo matatu: wazazi wako wapi, wanarudi lini, na usiku kukiwa na tatizo amkimbilie nani. Kumwambia hakugharimu shilingi.

Ugonjwa wa mwili wa muda mrefu nao ni kuni. Mwenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au virusi vya Ukimwi ana mambo mengi ya kuhofia, na hofu hiyo huweza kukua hadi ikawa ugonjwa wa pili.

Kiberiti: tukio linalowasha

Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236, na kwamba zaidi ya kaya 51,000 zenye watu wapatao 200,000 zilikuwa zimeathirika. Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Walioishi Ifakara na Mlimba miezi ile hawahitaji kukumbushwa: mashamba yaligeuka ziwa, barabara zilikatika, na watu walibeba magodoro kichwani.

Bonde letu lina viberiti vingine pia. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu, ile ya Ramsar. Kwa mazingira hilo ni jambo la heshima. Lakini tangu hapo suala la nani alime wapi, nani alishe wapi na mpaka wa hifadhi uko wapi limekuwa likirudi mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni kubwa ya kuondoa mifugo na wafugaji bondeni. Iwe wewe ni mkulima uliyeona ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wako, au mfugaji uliyeona kundi lako likiondolewa, ulijifunza jambo lile lile, kwamba ulichonacho leo kinaweza kuondoka kesho asubuhi.

Hata hivyo, tukio peke yake halitoshi kueleza ugonjwa. Walio wengi waliopitia janga hutetemeka kwa siku au wiki, kisha hurudi katika hali yao. Hata katika maeneo yenye vita, WHO inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo la afya ya akili. Wanne hawana. Kwa hiyo tukimwona jirani hajapona wakati sisi tumepona, tusiseme ana roho ndogo. Tuulize alikuwa na kuni kiasi gani kabla ya janga, na tuulize nini kinamtokea sasa.

Kinachopepea moto: hatari isiyokwisha

Hapa nitasema habari yangu mwenyewe, kwa sababu nilichelewa sana kuielewa.

Miezi michache baada ya mafuriko ya 2024, kiangazi, mito ikiwa imerudi kwenye njia zake, niliamka usiku moyo ukipiga kama nimekimbizwa. Mikono ilikufa ganzi. Nikamwambia kaka yangu nakufa. Akanipakia kwenye pikipiki hadi kwenye kituo cha afya. Malaria hakuna, presha iko sawa. Nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili ikawa hivyo tena, nikaenda tena, majibu yale yale. Mara ya tatu, muuguzi mmoja mtu mzima hakunyoosha mkono kuchukua kipimo kwanza. Aliuliza: "Mwanangu, wiki hii ulikuwa unawaza nini?"

Nikajibu hakuna. Akauliza leo ni siku gani. Ilikuwa Jumatano kuamkia Alhamisi. Nilipofika nyumbani ndipo nikahesabu: mara zote tatu zilikuwa Jumatano usiku. Na Alhamisi ilikuwa siku ya marejesho. Nilikuwa nimemdhamini rafiki ambaye mpunga wake ulizama. Alipokwama, kikundi kikageukia kwangu.

Wasomaji wa bonde hili wanaelewa. Fedha huwa kidogo zaidi kati ya Januari na Machi, wakati wa kulima na kupanda. Ndipo watu hukopa. Wengine huchukua fedha kwa mfanyabiashara na kuahidi kulipa kwa magunia wakati wa mavuno. Wengine huingia katika ile mikopo ya riba kubwa na muda mfupi ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu. Wengine hukopa kwa simu. Mvua ikiharibu shamba, maji huondoka baada ya wiki kadhaa, lakini marejesho yanabaki kila wiki, na kila wiki mwili unaamshwa upya.

Tatizo hili si la bondeni tu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Malalamiko yaliyosikika nchi nzima yalikuwa kwamba mdaiwa akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha hutumwa kwa watu waliomo kwenye simu yake: mama mkwe, mwalimu, mwajiri. Fikiria mwili wa mtu ambaye kila simu inapolia hajui ni salamu au ni aibu. Amigdala yake haina nafasi ya kupumzika.

Mafuriko, basi, ndiyo yaliyokuwa kiberiti changu, na deni ndilo lililokuwa likipepea. Tunapofanya tathmini ya janga tunahesabu nyumba, ekari na vifo. Ni sawa kuhesabu. Lakini hatuhesabu tarehe za marejesho, na kwa familia nyingi hapo ndipo janga linapoendelea.

Kukwepa: kinachofanya moto uendelee hata deni likiisha

Deni lile lilikwisha. Lakini kwa miezi kadhaa Jumatano usiku niliendelea kuogopa. Kwa nini?

Kwa sababu nilikuwa nimeanza kukwepa. Niliacha kulala peke yangu. Niliacha kupita njia ya kwenye kikundi. Nilianza kuuogopa moyo wangu wenyewe: ukienda kasi kidogo kwa kupanda ngazi, nikadhani limeanza tena, na kudhani huko kukauongeza kasi zaidi. Wataalamu wanasema kukwepa ni mojawapo ya nguvu kubwa zinazoufanya ugonjwa huu udumu. Ukikwepa unapata nafuu ya papo hapo, lakini ubongo unajifunza kwamba ulinusurika kwa sababu ulikimbia. Mara nyingine unakimbia mapema zaidi, na eneo la maisha yako linazidi kuwa dogo.

Vipo vingine vinavyopepea. Pombe hutuliza usiku, kisha asubuhi inapotoka mwilini wasiwasi hurudi ukiwa mkubwa zaidi. Bangi na mirungi huweza kuleta hofu kali. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wengi wa bodaboda hunywa ili wakeshe, vina kafeini inayofanya moyo udunde. Na kukosa usingizi kwenyewe kunaifanya amigdala iwe kali zaidi.

Je, ni uchawi au majini?

Hatuwezi kuandika kuhusu jambo hili Kilombero na Ulanga bila kuligusa swali hilo. Mtu anayetetemeka usiku bila homa, anayesema kuna kitu kimemkalia kifuani, majirani watasema amechezewa. Sitamdharau anayeamini hivyo. Mganga mara nyingi hufanya jambo moja ambalo zahanati yenye foleni ndefu hushindwa kulifanya: anakaa, anasikiliza kwa saa nzima, anauliza juu ya ugomvi wa nyumbani na shamba.

Lakini tukumbuke habari ya kifafa. Kule Mahenge, si mbali na hapa, wagonjwa wa kifafa waliogopwa na kutengwa kwa sababu ya imani kwamba ugonjwa ule ni wa mapepo na unaambukiza. Karibu na mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kliniki kule na kuwapa wagonjwa vidonge. Wengi walipata nafuu na wakarudi kwa watu wao. Jina la zamani la ugonjwa lilieleza hofu ya jamii, lakini halikuonyesha tiba.

Wasiwasi uko hivyo pia. Tena jibu la "nani amenifanyia" lina hatari ya kuupepea moto, kwa sababu linampa mgonjwa adui wa kumwogopa kila siku, na adui huyo mara nyingi ni bibi kizee wa jirani asiye na kosa. Kusali kunasaidia wengi kutulia, na hakuna sababu ya kuacha kusali. Ila sala na kliniki havigombani.

Kabla ya kusema ni wasiwasi, pima mwili

Yapo magonjwa ya mwili yanayofanana kabisa na wasiwasi. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutetemeka, hukonda na moyo humwenda mbio. Upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida kwa wajawazito, nao hufanya moyo udunde. Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho na kuogopa. Magonjwa ya moyo, pumu na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili hizo hizo. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza yasisubiri makala ya redio: nenda hospitali.

Ukishapimwa na kuambiwa huna kitu, usiishie hapo. Sema wazi: "Nimekuwa na hofu kwa miezi kadhaa, silali, nahitaji kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili." Maneno hayo humsaidia mhudumu kujua pa kukupeleka.

Tiba ipo. Moja ni ya mazungumzo, ambapo mtu hufundishwa kuyatambua mawazo yanayomtisha na kukikaribia kidogo kidogo kile anachokikwepa. Nyingine ni dawa zinazoandikwa na daktari, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida. Tahadhari moja: dawa za kutuliza kama diazepamu, ambazo wengine huzinunua tu dukani ili wapate usingizi, hutuliza haraka lakini zinazoeleka, na kuziacha ghafla ni hatari. Zisitumiwe bila daktari.

Tunaweza kufanya nini bondeni?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya miji mikubwa, na kwamba wataalamu wako Muhimbili na Mirembe kule Dodoma. Ni kweli madaktari wa afya ya akili ni wachache. Lakini mkoa wetu una historia. Katika miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo ilikuwa mikoa ya majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, ambao lengo lake lilikuwa kuiondoa huduma hii katika hospitali kubwa na kuipeleka hadi kwenye zahanati. Wazo la kumhudumia mgonjwa karibu na nyumbani kwake si geni hapa.

Zimbabwe wamelipeleka mbali zaidi. Mwaka 2005 serikali ilibomoa makazi na vibanda vya watu wengi mijini. Mwaka uliofuata daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Hawakutumia maneno ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo halina tofauti na "mawazo" yetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliokaa na bibi bado walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Dalili za wasiwasi nazo zilipungua. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Angalia bibi yule anafanya nini. Hatibu kumbukumbu ya kubomolewa nyumba. Anauliza: leo, tatizo gani tuanze nalo? Kodi? Ada? Deni? Anapunguza kinachopepea.

Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hawa ndio watakaobisha hodi kwenye nyumba zetu. Swali la kuwauliza viongozi wetu ni hili: pamoja na kufundishwa malaria, lishe na uzazi, je, watafundishwa swali la muuguzi wangu? Na maji yakiingia tena, je, kamati za maafa zitakaa na vikundi vya mikopo kuomba marejesho yasogezwe hadi mavuno yajayo? Kaulimbiu ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 2025, ilihusu huduma hizi wakati wa majanga. Sisi wa Kilombero tunajua majanga yetu huja mwezi gani. Tunaweza kujiandaa kabla.

Ukijiona, au ukimwona mwenzako

Chukua kalamu kwa wiki mbili uandike: hofu ilikuja siku gani, saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini. Mimi ilinichukua miezi kuona kwamba ilikuwa Jumatano. Wewe unaweza kuona mapema zaidi.

Likija shambulio la ghafla, kaa chini, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoingiza, na ujiambie kwamba hupanda kisha hushuka, mara nyingi ndani ya dakika chache. Kama una deni, mweleze mtu mmoja unayemwamini kiasi chake kamili, maana deni la siri hutisha kuliko deni linalojulikana. Punguza pombe na vinywaji vya nguvu. Unachokikwepa, kikaribie kidogo kidogo ukiwa na mwenzako.

Kama wewe ni mwenza, mzazi au jirani, usiseme "jikaze". Uliza: "Nini kinakutisha wiki hii?" kisha nyamaza usikilize. Na mtu akisema hataki tena kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama wa mvua juu ya bati tulizungumza naye nje ya matangazo. Mwaka wa mafuriko hakuwa kwenye nyumba yake ya mwinuko. Alikuwa shambani ng'ambo, na mjukuu mgongoni. Hakuwahi kumsimulia mtu. Tulimshauri aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, na akasema atakwenda siku ya kliniki ya mtoto ili asilipe nauli mara mbili.